Je, wajua? Saratani ya mbwa mmoja huota kwa mbwa wengine

Mbwa akidondokwa damu sehemu za siri na kujilamba kila mara, wengi hapa Malindi husema jike yuko kwenye joto, au dume ana ugonjwa wa mkojo. Huenda ikawa hivyo. Lakini damu ikiendelea wiki baada ya wiki, muangalie vizuri. Mara nyingi utakuta kinyama chekundu chenye vichwa vichwa kama koliflawa, kinachotoa damu kikiguswa tu.

Hiyo ni saratani, tena ya kuambukizana. Hakuna kirusi wala bakteria anayeileta. Seli za saratani zenyewe ndizo zinazohama. Mbwa wanapopandana, seli hubanduka kwa mmoja, zikamganda mwenzake na kuota upya. Kwa kuwa mbwa hunusana na kulambana, uvimbe huu huota hata puani na mdomoni.

Mwaka 1876, daktari wa mifugo Mrusi, Mstislav Novinsky, aliuhamisha kwa kuupandikiza kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Mwaka 2006 wanasayansi walipima vinasaba, wakaona jambo la ajabu: vinasaba vya uvimbe havikuwa vya mbwa aliyeubeba, ila vilifanana na vya uvimbe wa mbwa wa nchi za mbali. Kumbe wote umetokana na mbwa mmoja. Utafiti wa 2019 ulikadiria kwamba aliishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Yeye alikufa zamani, seli zake zingali hai. Kuelekea Amerika zilivuka yapata miaka 500 iliyopita, enzi zile zile merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi.

Mbona mwili haumfukuzi mgeni huyu? Kila seli hubeba alama za kuitambulisha kwa kinga ya mwili. Seli hizi huzificha alama zao, kinga ikazipita bila kuzishtukia. Baadaye alama zaweza kurudi, na uvimbe ukanywea wenyewe, ila kungojea bahati hiyo ni kumtesa mnyama bure.

Maana tiba ipo, na linaniuma sana kuona mbwa akifukuzwa au kutiliwa sumu kwa ugonjwa unaopona. Daktari huchukua seli chache za uvimbe na kuzitazama kwa hadubini. Akithibitisha, humdunga dawa iitwayo vinkristini mshipani mara moja kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 8, na wengi hupona kabisa. Kukata kwa kisu peke yake mara nyingi hakutoshi, uvimbe hurudi. Dawa hii hutoka kwenye lile ua la rangi ya waridi au nyeupe lenye petali tano, asili yake Madagaska, linalopandwa kwenye bustani zetu za pwani. Tafadhali usichemshe majani yake ukamnywesha mbwa: ni sumu. Hata dawa yenyewe ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, nayo hupunguza seli nyeupe za damu, ndiyo sababu daktari hupima damu katikati ya matibabu. Vaa glavu unaposafisha mkojo wake siku hizo.

Binadamu haambukizwi saratani hii. Mbwa wa kulinda shamba anayezurura usiku na wenzake ndiye aliye hatarini, na kumhasi humpunguzia hamu ya kwenda kutafuta jike.

Si kila uvimbe ni ugonjwa, lakini. Dume akisisimka, shina la uume huvimba pande mbili mithili ya mafundo. Ni maumbile yake, na hunywea baada ya muda mfupi. Uume ukibaki nje bila kurudi, ukaanza kukauka au kubadilika rangi, hapo mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, usingoje kuche.