Kata mfupa, usichane nyama: kugawa matumbawe magumu kwenye tangi la nyumbani

Kila wiki tunaulizwa kitu kilekile, mtu ana tumbawe la mawe kwenye tangi lake, limekua limejaa, kaamua kuligawa ampe na mwenzake, afu siku ya tatu vipande vyote vimejifunga na wiki ikiisha kabaki na mifupa myeupe. Ukimuuliza umekata na nini, anakwambia plaizi.

Tumbawe ni mnyama jamani. Ile sehemu ngumu, yaani mfupa wake, ni chokaa alojijengea mwenyewe, haina uhai, na juu yake ndo kuna nyama laini, midomo, na vijimwani vinavyoishi ndani ya hiyo nyama vikimlisha kwa mwanga. Ukikata chokaa tupu hujamjeruhi. Ukichana nyama umefungua kidonda ndani ya maji yaliyojaa bakteria. Kwahiyo kabla hujashika msumeno, kaa uliangalie tumbawe lako vizuri uone nyama imeshika wapi na imeishia wapi, hata kama itakuchukua jioni nzima.

Chukua matumbawe ya jamii ya Euphyllia, yale ya matawi. Kila kichwa kiko juu ya shina lake na chini shina ni tupu, hapo unakata sentimita tatu au nne chini ya nyama na mnyama hata hajui, ndani ya siku chache kafunguka tena. Sasa kuna ndugu zake wanaoota kama ukuta, nyama ni utepe mmoja unaopita juu ya mfupa mwanzo mwisho bila kukatika, hamna namna ya kuwagawa bila kupita kwenye nyama, na hawa ndo wanaoua watu moyo. Plaizi hapo ni kosa kubwa maana inabana, mfupa unapasuka inakotaka yenyewe na nyama inavutwa mpaka inachanika. Tumia msumeno wa mkanda wenye makali ya chembe za almasi unaopozwa kwa maji. Litikise tumbawe kidogo ndani ya maji mpaka lijikunje lote, subiri, afu anza kukata upande wa chini wa mfupa ukipanda juu ili nyama iwe ya mwisho kuguswa na ikatwe mara moja, na kila kipande kibaki na mdomo, ikiwezekana zaidi ya mmoja.

Matumbawe yenye mdomo mmoja tu, kama Scolymia, mimi nasema yaache. Catalaphyllia pia nisingekushauri, nyama ni nyingi mno kwa mfupa mdogo vile.

Acropora, tumbawe la matawi membamba, watu wanaiogopa sana kumbe kuikata ni rahisi, tawi linavunjwa, linagandishwa na supagluu nzito ya jeli na baada ya wiki kadhaa nyama inatambaa juu ya gundi. Ugumu wake uko kwenye maji. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia tindikali, ikipanda na kushuka ovyo kipande kinaweza kubanduka nyama yote usiku mmoja. Iwe 8 mpaka 9 dKH (ndo kipimo cha alkalini) na ikae hapohapo, kalsiamu 400 mpaka 450 mg kwa lita, magnesiamu kama 1300, joto 25 au 26. Kama namba zako zinacheza usikate chochote, hata tumbawe likionekana zima, na lile ulilolinunua juzi liache lizoee kwanza miezi kadhaa.

Ukimaliza kukata suuza vipande kwenye ndoo ya maji ya tangi, yale maji yenye unga wa chokaa usiyarudishe ndani, vichovye kidogo kwenye dawa ya iodini kwa kipimo cha kwenye chupa, afu viweke penye mwanga hafifu na mkondo wa kutosha kuondoa ute. Usivilishe mpaka vifunguke. Ukiona uji wa kahawia unatambaa kwenye nyama toa hicho kipande saa hiyohiyo, unyonye ule uji kwa mpira usisambae, maana unahamia kwa jirani haraka sana.

Na vaa miwani na glavu kila siku unayokata, hili naliomba kweli. Kwenye mawe hayohayo mara nyingi kunaota zoanthidi, wanyama laini ndugu wa matumbawe, baadhi zina palitoksini, sumu kali mno, tone moja likirukia jicho ni hospitali.

Kuna jambo linanipa moyo. Huko Florida, kwenye maabara ya bahari ya Mote, mwanasayansi David Vaughan aligundua kwa bahati tu kwamba tumbawe likikatwa vipande vidogo sana, kama sentimita moja, linakua kwa kasi kuliko kawaida, na vipande vya mzazi mmoja vikikutana vinaungana vinakua mwili mmoja. Leo njia hiyo inatumika kurudisha miamba baharini. Inafaa yale yanayotambaa juu ya jiwe, Euphyllia yako usiifanyie hivyo.