Kubana pumzi ukinyanyua chuma si kosa

Usibane pumzi hata kidogo: ndivyo wanyanyua vyuma wengi wanavyoambiwa. Kwa uzito mwepesi, sawa. Toa pumzi unaposukuma, vuta unaposhusha, basi. Lakini uzito ukikaribia asilimia 80 ya uwezo wako wa mwisho, mwili hubana pumzi wenyewe, utake usitake. Hewa iliyofungiwa ndani hukaza kiwiliwili na kuushikilia uti wa mgongo usipinde. Kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mabegani, vuta pumzi hadi mbavu za chini zitanuke, kaza tumbo, shuka, panda, kisha iachie ukishavuka pale pagumu. Sekunde chache tu. Presha hupanda ghafla wakati huo, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, mwenye ngiri au mjamzito apunguze uzito na aendelee kupumua.