Nyota kubwa si lazima iwe nzito: dhana potofu kuhusu nyota za anga la Kusini

Umeme ukikatika Mikindani usiku wa Januari, na mawingu yakakaa pembeni, kuna nyota tatu ambazo hata asiyejali anga ataziona: Sirius, nyeupe inayometameta, Betelgeuse, yenye wekundu, na Rigel, yenye weupe wa kuelekea buluu, ambayo huku kwetu hupita karibu kabisa na utosi. Mabishano huanzia hapo, na mengi yanasimama juu ya wazo moja: kwamba nyota iliyozidi kwa jambo moja imezidi kwa yote. Inayong'aa ndiyo kubwa, kubwa ndiyo nzito, nzito ndiyo kongwe. Haiko hivyo.

"Sirius inang'aa kuliko zote usiku, basi ndiyo kubwa kuliko zote"

Sirius ni jirani tu. Iko umbali wa miaka ya nuru 8.6 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kipenyo chake hakifiki mara mbili ya kipenyo cha Jua, na mwanga wake ni wa Jua 25 hivi. Sasa geukia kusini utafute Suheli, yaani Canopus. Kwa macho yetu inashika nafasi ya pili, lakini iko miaka ya nuru 310 hivi kutoka hapa na mwanga wake ni sawa na Jua 10,000. Ingekuwa mahali pa Sirius, tungetembea usiku huku vivuli vyetu vikitufuata.

"Nyekundu ndiyo ya moto, buluu ya baridi"

Alama za mabomba ya maji zimetuharibu. Uso wa Betelgeuse una nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi, Jua 5,500, Sirius zaidi ya 9,000, na Rigel karibu 12,000. Mhunzi halihitaji somo hili: chuma chake huanza na wekundu, kikapita rangi ya chungwa, kikaishia weupe kadiri moto unavyokolea.

Mtwara hatakosekana mtu wa kuleta mfano wa gesi yetu ya Mnazi Bay: mwali wa buluu wa jiko la gesi na wekundu wa mkaa. Jibu lake, kwamba buluu ndiyo ya moto zaidi, ni sahihi, njia ndiyo imepinda. Ubuluu wa mwali wa gesi unatoka kwenye vipande vya molekuli zinazoungua, kwa hiyo haupimi joto kama rangi ya chuma inavyolipima.

Na Jua si la njano. Ukilitazama kutoka nje ya hewa yetu ni jeupe. Wala haliungui kama kuni: ndani yake viini vya hidrojeni vinaungana kuwa heli, na hakuna oksijeni inayohitajika.

"Kubwa ndiyo nzito"

Hii ndiyo dhana ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu akili inakataa kabisa kuiachia. Betelgeuse ingewekwa mahali pa Jua ingeimeza Dunia, ikapitiliza mpaka njia ya Mirihi. Lakini uzito wake hauzidi sana Jua 20. Uzito huo ukitandazwa katika jumba kubwa namna ile, kwa wastani unapata kitu chepesi kuliko hewa tunayovuta, tena mara maelfu. Mwenzake kwa upande wa pili ni Sirius B, nyota ndogo inayozungukana na Sirius, iliyoonekana kwa darubini mara ya kwanza mwaka 1862. Ukubwa wake ni kama wa Dunia, uzito ni kama wa Jua zima. Kijiko cha chai cha mata yake kina zaidi ya tani 10.

"Nyota kubwa ina mafuta mengi, kwa hiyo inaishi sana"

Inayo mengi, ila inayafuja. Rigel na Betelgeuse hazijafikisha hata miaka milioni 20. Dinosaria wa Tendaguru, huko Lindi, ambao Wajerumani waliwafukua kati ya 1909 na 1913 na mifupa ikabaki Berlin mpaka leo, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Walipokuwa wakitafuna majani, nyota hizo mbili hazikuwepo. Sirius ilikuwepo, na Sirius B enzi hizo ilikuwa bado nyota yenye uzito wa Jua 5 hivi, kabla haijavimba, ikapoteza tabaka zake na kubaki kiini.

"Nyota tunazoziona zilishakufa zamani"

Karibu zote zipo. Nuru ya Betelgeuse hutumia miaka mia kadhaa kufika, na mia kadhaa si kitu kwa nyota inayohesabu mamilioni. Ilipofifia mwishoni mwa 2019, wengi walitangaza inalipuka. Lilikuwa vumbi lililotoka kwake mwenyewe.

"Jua ni kanyota kadogo ka kawaida"

Tumedanganywa na macho, maana yanaona vinara peke yake. Nyota nyingi, takriban robo tatu, ni vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zenye mwanga hafifu, na Jua linavipita vyote kwa uzito na mwanga. Usiku wa Juni, pale ufukweni Msimbati, Alpha Centauri inang'aa vizuri kusini. Karibu nayo ipo Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, miaka ya nuru 4.24, iliyogunduliwa Johannesburg mwaka 1915. Bila darubini huioni.