Kulipiwa mkopo si kusamehewa mkopo

Wiki hii nimelisikia tena. Nesi mmoja kijana, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu kwa usingizi, ananiambia kwa furaha: "Dada, nimesamehewa mkopo!" Nikamwomba nione barua. Akafungua simu, nikasoma. Ilikuwa ya Nurse Corps. Nikampa hongera ya dhati, maana kuipata si mchezo, halafu nikasita kidogo. Neno alilotumia silo, na yeye si wa kwanza. Hapa Marekani, manesi wengi tunaozungumza Kiswahili tunatia kila kitu kwenye kapu moja la "msamaha wa mkopo", kisha tunashangaa makaratasi yanapotudai mambo ambayo msamaha haudai.

Maana kwanza, niimalize. Msaada wa kulipa mkopo ni mpango ambao mtu wa tatu, mara nyingi serikali, anatoa fedha za kupunguza deni lako la masomo, nawe unajifunga kwa mkataba kufanya kazi kwa muda fulani mahali penye uhaba wa watu wa fani yako. Kwa wauguzi wa Marekani unaojulikana zaidi ni Nurse Corps Loan Repayment Program, ulio chini ya HRSA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia huduma za afya kwa maeneo na watu waliosahaulika. Basi, hiyo ndiyo maana. Kinachonikera ni kwamba jina lenyewe limesema "malipo", sisi tukalisoma "msamaha".

Na Kiswahili hakina kisingizio hapa, kwa sababu kinaijua tofauti hii vizuri sana. Chukua kitenzi lipa. Kipe kauli ya kutendea, unapata lipia. Kitie katika kutendwa, unapata lipiwa. Mtu akisema "nimelipiwa nauli", wewe unayesikiliza umeshajua bila kuuliza kwamba nauli ilikuwepo, konda amepata hela yake yote, na mfuko uliotoa si wa msemaji. Akisema "nimesamehewa nauli", picha inageuka kabisa. Konda hakupata kitu. Ameamua mwenyewe kumwachia abiria, labda kamhurumia, labda wanatoka kijiji kimoja.

Ndiyo kusema samehe, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lina sharti ambalo lipia halina: lazima atamke mwenye haki. Jirani yangu hawezi kunisamehe deni la dukani hata akinipenda vipi. Mwenye duka peke yake ndiye anayeweza kuchukua kalamu na kulikata jina langu kwenye daftari. Jirani anachoweza ni kutoa pochi.

Sasa rudi kwa HRSA. Wao hawakudai hata senti. Anayekudai ni Wizara ya Elimu ya Marekani, au benki, au kampuni binafsi iliyokukopesha ada. HRSA ni jirani mwenye pochi. Hawezi kukusamehe kitu ambacho si chake. Ndiyo maana Nurse Corps inakubali hata mikopo ya benki za kibiashara, mradi iwe ilisomesha uuguzi: pochi hailengi daftari la nani, inalenga deni.

Mwenye duka yupo, ila anakaa mlango mwingine. Anaitwa PSLF, kwa kirefu Public Service Loan Forgiveness, na huyo ndiye anayestahili neno letu la msamaha. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Unafanya kazi ya muda kamili kwa mwajiri wa serikali au shirika lisilo la faida, unalipa marejesho 120 ya kila mwezi yanayokubalika, kisha kinachobaki kinafutwa. Kwa kuwa marejesho 120 ni miaka kumi isiyopungua, watu wa kwanza kuweza kuufikia ilikuwa 2017. Na tazama unavyofuata mantiki ya daftari: unagusa mikopo ya moja kwa moja ya serikali kuu tu. Ya benki binafsi haiguswi, kwa sababu serikali haiwezi kusamehe hela za benki.

Kulikuwa na neno la tatu pia, kufutiwa. Waliokuwa na mikopo ya Perkins, ile ya serikali kuu iliyopitia vyuoni, wanalikumbuka. Nesi aliyefanya kazi ya muda kamili alikuwa akifutiwa kipande kila mwaka: asilimia 15 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, 20, 20, kisha 30, mpaka mwaka wa tano deni likaisha. Mikopo mipya ya Perkins ilikoma 2017, kwa hiyo vijana wa leo hawaijui, lakini naamini mchanganyiko wa maneno ulianzia huko kwa kiasi fulani. Wazee wetu wa kazi walifutiwa kweli, wakatusimulia, nasi tukadhani kila mlango unafuta.

Unaweza kuniambia ni maneno tu. Si maneno tu, ni hela. Anayelipiwa amepokea fedha, na serikali inazihesabu kuwa mapato. Kwa hiyo malipo ya Nurse Corps hukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu na makato ya FICA, yale ya hifadhi ya jamii na Medicare, kabla hayajakufikia. Anayesamehewa kwa PSLF, kile kilichofutwa hakihesabiwi mapato katika kodi ya serikali kuu. Nurse Corps hutoa asilimia 60 ya deni kwa miaka miwili, nami nimeona mtu amepiga hesabu ya asilimia 60 kamili, akalilia tofauti kama aliyeibiwa, kumbe ni kodi.

Hizo asilimia zenyewe zina mtego wa Kiswahili. Tunasema mkopo na deni kana kwamba ni kitu kimoja. (Kamusi za zamani, kwa taarifa yako, zilikipa kitenzi kopa na maana ya kulaghai. Babu zetu walikuwa wameona mengi.) Mkopo ni ulichochukua, deni ni unachodaiwa leo. Nurse Corps inahesabu deni. Tuseme ulikopa dola 60,000, ukalipa ukalipa, leo unadaiwa 40,000. Asilimia 60 inatoka kwenye 40,000, nayo ni dola 24,000, yaani 12,000 kwa kila mwaka wa miaka miwili ya mkataba, kabla ya kodi. Ukiomba mwaka wa tatu na ukakubaliwa, unaongezwa asilimia 25 ya lile deni la mwanzo, dola 10,000, wala si robo ya kilichobaki. Jumla asilimia 85. Kinachobaki ni chako, na riba yake.

Mpenda ubishi atasema hata kulipiwa si neno kamili, na hapo nitamkubalia kidogo. Fedha inaingia kwenye akaunti yako, si ya anayekudai. Wewe ndiye unayeipeleka, na wewe ndiye utakayeonyesha ushahidi kwamba umeipeleka. Kwa hiyo ukitaka usahihi wa mwalimu wa sarufi, sema "ninapewa fedha za kulipia deni". Lakini nani ana pumzi hizo baada ya zamu ya saa kumi na mbili?

Masharti ya kuomba nayapita haraka. Uwe na leseni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, au uwe muuguzi wa ngazi ya juu kama nurse practitioner, au mwalimu wa chuo cha uuguzi, LPN, wauguzi wa ngazi ya chini ya RN, hawamo. Uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Uwe ulisomea uuguzi katika shule iliyoidhinishwa ndani ya Marekani, kwa hivyo deni la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, uliloliacha nyumbani haliingii. Ufanye saa zisizopungua 32 kwa wiki katika kituo cha umma au kisicho cha faida, kwenye eneo lililotambuliwa kuwa na uhaba. Waombaji huwa wengi kuliko fedha, na moja ya mambo yanayopimwa ni uzito wa deni lako ukilinganishwa na mshahara, kwa hiyo aliyeelemewa zaidi hutangulia. Mwajiri lazima athibitishe kwamba uko kazini. Na wanaofanya PRN, yaani kuitwa panapohitajika tu, au kupitia wakala hawahesabiwi. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, tuliozoea kuchuma zamu huku na kule.

Hapo ndipo na yule binti alipokuwa anaelekea. Maana baada ya kuniambia amesamehewa, aliendelea, kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa na yeyote: "Kwa hiyo mwezi ujao nahamia kwa wakala mmoja, wanalipa vizuri."

Nilimshika mkono. Anayesamehewa anaweza kuinuka aende zake, kwani kisa kimeisha. Kwa PSLF kazi inatangulia, msamaha unakuja nyuma. Kwa Nurse Corps mpangilio umepinduka. Unasaini kwanza, fedha zinaanza kuja, na utumishi ndio unaodaiwa. Ukiuvunja mkataba katikati, unadaiwa kurudisha ulichopokea pamoja na riba, na kile kilichobaki cha mkopo wa shule bado kinakusubiri. Unaweza kuhama kituo, ndiyo, ila kwenda kingine kinachokubalika, na uombe ruhusa kabla hujahama.

Akakaa kimya, akaifungua tena barua kwenye simu, safari hii akaisoma mpaka chini. Kisha akaniuliza, bila kuudhika, "Sasa dada, watu wakiniuliza niseme nini?"

Nikamwambia, mdogo wangu, sema "ninalipiwa mkopo". Wala usiseme "nimelipiwa", bado. Hiyo -me- itunze, utaihitaji baada ya miaka miwili.