Mazungumzo ya nyuklia yaanzie kwenye kuarifiana

Mkataba wa New START, uliowekea kikomo silaha za nyuklia za Marekani na Urusi, unapotajwa, wengi huwakumbuka marais wa wakati huo, Obama wa Marekani na Medvedev wa Urusi, wakitia saini mjini Prague, Aprili 2010. Mimi ninayefuatilia mikataba hii kikazi nawakumbuka zaidi wakaguzi.

Kila upande uliwekewa kikomo cha vichwa vya nyuklia 1,550 vilivyo tayari kutumika. Lakini utajuaje kwamba mwenzako hadanganyi? Kila nchi iliruhusiwa kukagua mara 18 kwa mwaka. Wakaguzi walitua kwanza, ndipo wakataja kambi wanayotaka kuiona. Wenyeji waliwaeleza kila kombora limebeba vichwa vingapi, wageni wakachagua moja, likafunguliwa sehemu ya mbele. Vichwa vilifunikwa umbo lisionekane, ila kuhesabika vilihesabika. Wenyeji wakidai kifaa fulani si cha nyuklia, wakaguzi waliweza kukipima mnururisho. Wasioaminiana walikuwa wamepatana nini kionyeshwe na nini kibaki siri, na kwangu hilo ni jambo kubwa mno.

Kufikia mwanzoni mwa 2023, ukaguzi ulikuwa umefanyika mara 328, na taarifa zaidi ya 25,000 za kuarifiana kuhusu silaha hizo zimepita kati ya Washington na Moscow.

Taarifa za aina hiyo zinaokoa maisha. Januari 25, 1995, roketi ya utafiti ilirushwa kutoka Andøya, Norway. Moscow ilikuwa imearifiwa mapema, lakini ujumbe haukuwafikia waliokuwa kwenye rada. Wao waliona kitu kinachofanana na kombora la nyambizi, na mkoba wa amri za nyuklia ukawashwa kwa ajili ya Rais Yeltsin. Ujumbe mmoja tu ulikwama njiani!

Ukaguzi ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19, haukurudi tena. Februari 2023 Putin akasitisha ushiriki wa Urusi, na Februari 2026 muda wa mkataba ukaisha.

Kurudi kwenye kuhesabu vichwa kutachukua miaka, hasa China ikihusishwa. Kwa hiyo naona waanze na kuarifiana. Marekani na Urusi zina makubaliano ya 1988 ya kuambiana kabla ya kurusha makombora ya masafa marefu. China na Urusi zina yao tangu 2009. Marekani na China hazina. Zilikutana Novemba 2023, lakini Julai 2024 China ikasitisha mazungumzo ikipinga Marekani kuiuzia Taiwan silaha. Makubaliano ya kuarifiana hayamlazimishi yeyote kupunguza hata kombora moja, na maandishi ya kuigwa yapo tayari.