Mafua kwenye banda la maonyesho: yasemwayo na yalivyo

"Nguruwe mwenye mafua utamjua tu." Hii ndiyo dhana inayoponza wengi. Ni kweli wapo wanaokohoa, wanaotokwa na makamasi na kususa chakula. Lakini vipimo vilivyofanywa kwenye maonyesho ya mifugo huko Ohio, Marekani, kati ya 2009 na 2011 vilikuta virusi vya mafua puani mwa nguruwe wasio na dalili hata moja. Mnyama ameogeshwa, anang'aa, pengine ameshavishwa utepe wa ushindi, na bado anaambukiza.

"Mafua yao hayaji kwetu." Yanakuja. Mwaka 2012 Marekani ilihesabu wagonjwa 309 wa H3N2v, kirusi kilichotoka kwa nguruwe. Wengi walikuwa watoto, na wengi walikuwa wamekaribiana na nguruwe kwenye maonyesho. 16 walilazwa, mmoja akafariki. Si ajabu: nguruwe wa mashamba mbalimbali wanalala banda moja siku kadhaa, mtoto anapapasa pua mbichi ya nguruwe, kisha mkono uleule unaingia kwenye mfuko wa bisi. Ndiyo maana wataalamu wanakataza kula ndani ya banda, na wanataka kigari cha mtoto kibaki nje.

"Basi tuache kitimoto." Kwa nini? Nyama iliyoiva haiambukizi mafua. (Wala usichanganye mafua haya na homa ya nguruwe ya Afrika, ile inafyeka mazizi, lakini binadamu haimpati.)

"Mimi nimechanjwa." Chanjo ya kila msimu inalenga mafua ya binadamu, kwa haya ya nguruwe usiitegemee sana. Faida yake nyingine husahaulika: inapunguza uwezekano wa wewe kumwambukiza mnyama. Maana nasi tunawaambukiza, na kirusi cha H1N1, kile cha mlipuko wa mafua uliowakumba watu duniani mwaka 2009, tumewarudishia nguruwe mara nyingi. Virusi viwili vikikutana ndani ya nguruwe mmoja vinaweza kubadilishana jeni na kuzaa kipya. Kwa hiyo mfugaji mwenye homa na kikohozi amtume mtu mwingine bandani, hata kama shindano ni kesho.

Na ukipata homa siku chache baada ya maonyesho, mwambie daktari kwamba ulikuwa karibu na nguruwe. Kipimo cha haraka cha kawaida hakitofautishi mafua haya na ya msimu, na dawa za kupambana na virusi vya mafua hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku 2 za mwanzo.