Je, wajua kwa nini hata Mjapani huhitaji kitabu cha rejea ili asome jina la mtengenezaji wa anime?

Anime, yaani filamu ya katuni ya Kijapani, ikiisha, majina ya walioitengeneza hupanda kwenye skrini kwa herufi za kanji. Wengi wetu (na mwandishi wa makala haya alikuwemo) huamini kwamba anayejua Kijapani huyasoma papo hapo, kama sisi tunavyosoma "Hamisi" au "Achieng". Sivyo. Mjapani aliyezimaliza kanji zote 2,136 za orodha rasmi anaweza kukwama kwenye jina la herufi mbili.

Mtazame 今敏, mwongozaji wa Perfect Blue (1997) na Paprika (2006). Herufi ya kwanza maana yake ni "sasa". Ikiwa peke yake husomwa ima; ndani ya neno la "mwezi huu" husomwa kon. Ya pili yaweza kuwa bin, toshi au satoshi. Basi ni Ima Toshi? Kon Bin? Ni Kon Satoshi, na hakuna kanuni ya sarufi ambayo ingekufikisha hapo.

Kanji hubeba maana kwanza. Sauti huchaguliwa na msomaji. Alama za namna hiyo sisi pia tunazo, ila tumezizoea mno: tarakimu. Andika 2. Kwenye "watoto 2" utasoma wawili, "vitabu 2" viwili, "nyumba 2" mbili, "tarehe 2" pili. Alama ni ileile, na hukosei kwa sababu neno la jirani linakuongoza. Sasa liondoe hilo jirani. Mtoto kaitwa Pili, lakini kwenye kila karatasi wazazi wameandika "2" tu. Mgeni atalijuaje? Amuulize mwenyewe, au atafute mahali mtu aliyeuliza alipoandika jibu.

Mahali hapo, cha ajabu, hapakuwa serikalini. Sheria ya Japani ilibana ni kanji zipi zitumike kumpa mtoto jina, ikauacha usomaji wake huru, na koseki, daftari la familia, lilianza kusajili usomaji 26 Mei 2025 tu. Majina ya ukoo nayo yamo: 角田 ni Tsunoda kwa Yuki, dereva aliyeshindana katika Formula 1, lakini ni Kakuta kwa Mitsuyo, mwandishi wa riwaya.

Kwa hiyo kitu cha thamani katika kamusi elezo ya anime ni kile kimstari cha kana kando ya jina, maana kana huandika sauti. Tatizo ni kwamba vitabu hivyo kwa kawaida hupangwa kwa kana: a, i, u, e, o, kisha ka, ki, ku, ke, ko. Yaani ili uupate usomaji, sharti uwe nao tayari! Ufunguo ni faharasa ya mistari ya kalamu: 今 ina mistari 4, basi nenda kundi la 4, kisha utafute 敏, yenye mistari 10. Njia nyepesi zaidi ni kubandika kanji zenyewe kwenye katalogi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Bunge la Japani.

Rejea inayotoa herufi za Kirumi pekee isomwe kwa tahadhari. Irabu ndefu hupotea, ndiyo maana mwongozaji wa Akira (1988) ni Otomo hapa, Ohtomo pale na Ootomo kwingine. Jina la ukoo huwekwa mbele au nyuma, hivyo Kon mtafute kwenye K na kwenye S pia. Tena vitabu vitatu vinavyokubaliana bila kana vyaweza kuwa shahidi mmoja aliyenakiliwa mara mbili.

Kana nayo haifafanui kila kitu. 手塚治虫 ni Tezuka Osamu, aliyeleta Astro Boy kwenye televisheni mwaka 1963. 治 peke yake tayari ni Osamu, jina alilozaliwa nalo. 虫, "mdudu", aliiongeza mwenyewe kwa kumpenda mbawakawa aitwaye osamushi. Imekaa mwishoni mwa jina hadi leo, na haitamkwi.